Rangi haina mizani: Picha ya simu inavyowagombanisha wauza vitenge wa Rugerero na Goma

RUGERERO, Rubavu

Kilo ya viazi iliyopimwa Rugerero alfajiri hubaki kilo ile ile ikifika Goma kabla jua halijawa kali. Yadi ya kitambaa haipungui kwa kuvuka mpaka, wala lita ya mafuta ya kula haiongezeki. Vipimo hivi vina mawe ya mizani, vina mihuri, na anayepunjwa anajua pa kupeleka malalamiko.

Rangi haina bahati hiyo. Kitenge cha damu ya mzee kilichopigwa picha dukani Goma huonekana chekundu kwenye simu ya Rugerero na kahawia kwenye simu ya Musanze. Mzigo ukifika, hakifanani na picha yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa wapiga picha wenye studio, tatizo hili ni la zamani na dawa yake inajulikana. Kwa wafanyabiashara wa mpakani ni tatizo jipya, kwa sababu ni miaka ya karibuni tu ambapo simu imegeuka kuwa duka, sampuli na shahidi kwa wakati mmoja. Hasara yake ni nauli, forodha, siku za kazi na, mbaya zaidi, uaminifu kati ya watu waliofanya biashara kwa miaka.

Wote wawili wakweli

Chukua mfano ambao yeyote aliyewahi kuuza vitenge mpakani atautambua. Kwaya ya kanisa inataka sare kwa ajili ya Pasaka. Mfanyabiashara wa Rugerero anavuka hadi Goma, anachagua kitenge kwa macho yake, ananunua vipande 28 vya yadi sita na kuvileta. Wiki mbili baadaye waimbaji wapya 12 wanajiunga. Safari hii hana muda wa kuvuka. Anampigia simu muuzaji wake wa Goma, anatumiwa picha, anaiangalia usiku kitandani, anaona ndiyo yenyewe, anatuma fedha.

Mzigo unafika. Fundi cherehani anapotandika vitambaa viwili juani, mmoja unaelekea zambarau, mwingine unaelekea udongo. Ujumbe unaondoka Rugerero: "Mama, rangi hii si ile uliyonitumia." Jibu linarudi kutoka Goma: "Dada, iko ile ile. Picha nilipiga miye mwenyewe."

Katika mfano huu hakuna aliyedanganya. Muuzaji alipiga picha ya kitambaa kilichokuwa mbele yake. Mnunuzi alinunua rangi aliyoiona kwenye kioo cha simu yake. Kati yao walisimama madalali wawili wasiolipwa: kamera iliyokisia mwanga wa duka, na kioo kilichoonyesha picha kwa namna kilivyopangwa na kiwanda. Kila mmoja alisogeza rangi kidogo, na masogezo hayo mawili yakazaa kwaya yenye safu mbili za rangi tofauti.

Hasara nayo haigawanyiki sawa. Forodha imeshalipwa. Kuurudisha mzigo ni kuulipia njia mara ya pili na kuueleza upya mpakani. Kuubakiza ni kuwa na vipande 12 vya rangi ambayo hakuna aliyeiagiza. Na Pasaka haisubiri.

Kwa nini Rugerero

Rugerero ni mojawapo ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu, jirani kabisa na mji wa Gisenyi, kwenye bonde la mto Sebeya, ule uliofurika usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 na kuacha msiba Rubavu na wilaya za jirani. Kutoka hapa hadi mpaka mdogo wa Petite Barrière ni mwendo mfupi, na kwa wakazi wengi kuvuka kwenda Goma ni sehemu ya siku ya kazi.

Biashara ya kwa macho ilipata pigo Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa watu kwa sababu ya korona huku mizigo ikiruhusiwa kupita. Wafanyabiashara wadogo walilazimika kujiunga kwenye vikundi, kuunganisha mizigo na kuisafirisha pamoja, bila wao wenyewe kuvuka. Aliyezoea kushika kitambaa, kukikunja ngumini na kukitoa nje ya duka akione juani, akabaki na picha ya simu.

Mpaka ulifunguliwa, lakini tabia ya kununua kwa picha ilibaki. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na kwenye karatasi soko likawa moja. Kwa vitendo, saa za mpaka zimebadilika mara kwa mara, na mapigano yaliyofika Goma Januari 2025 yaliwakumbusha wafanyabiashara wa pande zote mbili kwamba njia ya leo si lazima iwe njia ya kesho. Siku mtu asipoweza kuvuka, picha ndiyo inayovuka.

Simu inavyokisia

Jicho la mtu ni fundi wa kusamehe. Karatasi nyeupe likiiona juani, kivulini au chini ya balbu, linaiona nyeupe, kwa sababu ubongo unaondoa rangi ya mwanga bila kumwarifu mwenyewe. Kamera haina ubongo huo. Ina programu inayokisia.

Mwanga wenyewe una rangi, na wapiga picha huupima kwa kipimo kiitwacho kelvini. Mshumaa uko karibu na 1,900, balbu ya njano ya kizamani karibu na 2,700, jua la mchana karibu na 5,500, na siku ya mawingu karibu na 6,500. Kivuli chini ya anga safi hupita 7,000. Namba ndogo ni mwanga wa njano. Namba kubwa ni mwanga wa bluu. Kitenge kimoja kikipita kwenye mianga hiyo yote kwa siku moja, kwa kamera hicho ni vitenge vitano.

Simu hujaribu kusahihisha kwa kutafuta kitu cheupe au cha kijivu ndani ya picha, kisha kupanga rangi nyingine kukizunguka. Wapiga picha huita kazi hiyo kusawazisha weupe. Hapa ndipo muuza vitenge anapokosea bila kujua. Anakisogelea kitambaa mpaka kinajaza picha nzima ili maua yaonekane vizuri. Simu inatafuta cheupe, haikioni, na inaanza kudhani kwamba wekundu wote ule unatokana na mwanga. Inaupunguza. Kitambaa chekundu kinafifia, cha manjano kinapauka.

Kosa kama hilo hutokea kwenye giza na mwanga. Kamera imefundishwa kwamba picha ya kawaida ni ya wastani, si nyeusi sana wala si nyeupe sana. Kitambaa cheusi kikijaza picha, inakiongezea mwanga kinakuwa kijivu. Kitambaa cheupe inakipunguzia mwanga, nacho kinakuwa kijivu. Ndiyo maana shuka jeupe la arusi hutoka kama limefuliwa kwa maji ya mto.

Mazingira ya soko yanaongeza yake. Turubai la bluu lililotandazwa juu ya meza linamwaga bluu juu ya kila kilicho chini yake. Ukuta wa duka uliopakwa kijani unarudisha kijani. Mwanga wa mlangoni ukichanganyika na balbu ya ndani, upande mmoja wa kitambaa unakuwa wa bluu na mwingine wa njano, na hakuna simu inayoweza kusahihisha pande zote mbili kwa pamoja.

Picha ikishatumwa, kioo cha mpokeaji kinafanya kazi ya pili. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukoleza rangi, kwa sababu kioo kinachong'aa ndicho kinachouza simu. Nyingi pia zina mpangilio wa kulinda macho usiku unaogeuza kioo chote kuwa cha njano, na wengi huuwasha na kuusahau. Anayechagua rangi ya sare saa 4 usiku akiwa na mpangilio huo ni sawa na anayenunua kitambaa akiwa amevaa miwani ya njano.

Jina moja, rangi tatu

Kabla ya kamera, kuna lugha. Kiswahili kina maneno yake ya asili ya rangi, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyingi ya nyingine tumezikopa kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, machungwa ni chungwa, zambarau ni tunda lake, na manjano ni kile kiungo cha pilau. Damu ya mzee kila mtu anaijua mpaka watu wawili waulizwe waionyeshe.

Muuzaji wa Goma, aliyesoma kwa Kifaransa, atasema bordo. Mteja wa Kampala au Mbarara atasema maruni. Mkazi wa Rubavu anaweza kusema umutuku, nyekundu, na kuongeza kwamba ni ile iliyoiva. Watu wote watatu wana kitambaa kichwani, na vitambaa hivyo havifanani. Bluu ni ngumu zaidi, kwa sababu kati ya bluu ya anga, bluu ya bahari na ile ambayo Wakongo huiita ya kifalme kuna nafasi ya kutosha kupoteza mzigo mzima.

Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na hatua hiyo imerahisisha mengi mpakani. Lakini hata watu wenye lugha moja hawana rangi moja. Ndiyo maana viwanda vya nguo duniani havitegemei majina. Vinatumia namba na sampuli. Kampuni ya Kimarekani ya Pantone ilianza kuuza kitabu cha rangi zenye namba mwaka 1963, ili mchapishaji wa mji mmoja na mteja wa mji mwingine wafungue ukurasa mmoja na kuona kitu kimoja. Mizani ya rangi, kwa hiyo, ipo. Ila haijafika kwenye meza za soko letu.

Wauza chokoleti walipolalamika

Kamera yenyewe haikuzaliwa ikiwajua watu wa huku, wala vitu vya rangi ya kahawia. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, kampuni ya Kodak ilipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ionekane sawa. Ngozi ya Shirley ikiwa sawa, kazi imekwisha. Nyuso nyeusi zilitoka jinsi zilivyotoka, mara nyingi giza tupu lenye macho na meno.

Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu kadi hizo. Waliokuwa wafanyakazi wa Kodak walimweleza kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha filamu ulitoka kwa wafanyabiashara. Watengenezaji wa samani walilalamika kwamba mbao za aina mbili hazitofautiani kwenye picha za matangazo. Watengenezaji wa chokoleti walilalamika kwamba chokoleti nyeusi na ile ya maziwa zinaonekana moja. Filamu ilirekebishwa ili bidhaa ziuzike, na nyuso nyeusi zikanufaika. Miaka ya 1990 kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zikaanza kutumika.

Simu za leo zimekwenda mbali zaidi. Kampuni ya Kichina ya Transsion, yenye chapa za Tecno, itel na Infinix, ilijijengea soko kubwa Afrika kwa kutangaza, pamoja na mambo mengine, kamera zilizorekebishwa kwa ajili ya nyuso nyeusi. Google nayo ilifanya kampeni kama hiyo kwa simu zake mwaka 2021. Lakini kinachoufaa uso si lazima kikifae kitambaa. Programu inayolainisha ngozi na kung'arisha uso ikiachwa imewashwa mbele ya kitenge, itakipodoa kitenge.

Somo la chokoleti linabaki kwa mfanyabiashara: rangi sahihi haikupatikana kwa sababu ya sanaa, ilipatikana kwa sababu mwenye bidhaa alikataa picha isiyofanana na bidhaa yake.

Jinsi studio zinavyopima

Studio za picha za ukanda huu, zile za arusi, ubatizo, mahafali na picha za vitambulisho, huishi na tatizo hili kila siku. Kwenye arusi ya Kinyarwanda, familia mbili huchagua rangi za mishanana kwa uangalifu, na bibi arusi hasahau rangi aliyoilipia. Akirudishiwa albamu yenye rangi nyingine, lawama ni ya mpiga picha.

Dawa waliyonayo wapiga picha duniani ilitokana na makubaliano. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga, CIE, ilikubaliana namna ya kuiandika rangi kwa namba kufuatana na jinsi jicho la binadamu linavyoona. Mwaka 1993 kampuni nane, baadhi yao zikiwa washindani wakubwa, zikiwemo Adobe, Agfa, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda muungano wa ICC ili kamera, kompyuta na printa za kampuni tofauti zielewane. Mwaka 1996 Hewlett-Packard na Microsoft zikapendekeza kipimo cha pamoja cha rangi za kwenye kioo, sRGB, ambacho kilikuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999 na bado ndicho kinachobeba picha nyingi za mtandaoni. Msomaji wa habari za jumuiya atalitambua jambo hili: washindani walikaa mezani wakakubali kipimo kimoja, na kila mmoja akaendelea kuuza mali yake.

Kwa vitendo, kazi ya studio ina hatua tatu. Ya kwanza ni kioo cha kompyuta. Kifaa kidogo chenye jicho la kupimia rangi huwekwa juu ya kioo, programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine, kifaa kinasoma kilichotoka, na tofauti inaandikwa kwenye faili liitwalo wasifu wa rangi. Tangu hapo kompyuta inajua kioo chake kinapotoka na inasahihisha. Wapiga picha wengi hulenga weupe wa kelvini 6,500 na mwangaza wa kati ya kandela 80 na 120, na hurudia kupima kila mwezi kwa sababu kioo huzeeka. Kifaa kimoja kikichangiwa na studio kadhaa, kama fedha zinavyochangwa kwenye ikimina, gharama haiwi mzigo wa mtu mmoja.

Hatua hii peke yake huondoa lalamiko linalosikika kuliko yote, kwamba picha iliyochapishwa imetoka nyeusi. Mara nyingi printa haina kosa. Fundi alikuwa amewasha kioo kwa mwangaza wa juu kabisa, akaona picha inang'aa kupita kiasi, akaipunguza. Karatasi, isiyo na taa ndani yake, ikaonyesha kile alichokipunguza.

Hatua ya pili ni kamera. Kadi ya kijivu, au ubao mdogo wenye rangi 24 ambao umetumika tangu mwaka 1976, hupigwa picha mara moja kila mwanga unapobadilika. Mraba wa kwanza kwenye ubao huo ni rangi ya ngozi nyeusi, wa pili ngozi nyeupe. Fundi akirudi studio anaiambia programu kwamba kijivu hiki ni kijivu, na picha zote za mwanga ule zinafuata.

Hatua ya tatu ni karatasi. Wino wa mashine nyingi za kuchapia ni wa rangi nne, na rangi hizo haziwezi kufikia kila rangi inayoonekana kwenye kioo. Rangi ya machungwa iliyokolea na kijani kinachowaka cha vitenge vya waksi mara nyingi huwa nje ya uwezo wake. Mpiga picha mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla ya kuchapa, si baada.

Hatua za mfanyabiashara asiye na kifaa

Anayeuza vitenge hahitaji vifaa vya studio. Mengi ya haya anaweza kuyafanya na simu aliyonayo.

Kwanza, akitoe kitambaa nje ya duka. Mahali pazuri ni kivulini penye uwazi, mchana, mbali na turubai na ukuta wa rangi. Siku ya mawingu, ambazo si chache chini ya Nyiragongo, ni rafiki wa muuza vitambaa, kwa sababu mwanga wake umetawanyika na hauna vivuli vikali. Jua la jioni liepukwe. Linapendeza, na linadanganya.

Pili, aweke karatasi nyeupe ya kawaida ya kuchapia pembeni ya kitambaa, ionekane ndani ya picha. Karatasi hiyo inafanya kazi mbili: inaipa simu kitu cheupe cha kushika, na inampa mnunuzi kipimo. Karatasi ikionekana ya njano au ya bluu kwenye picha, kitambaa nacho kimepotoka hivyo hivyo. Kadi ya kijivu ni bora zaidi, kwani karatasi nyingi zimetiwa dawa ya kung'arisha inayoegemea bluu, lakini karatasi ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

Tatu, azime filta zote na vipodozi vya kamera, asitumie taa ya simu, na apige picha mbili: moja ya mbali yenye karatasi, nyingine ya karibu ya kuonyesha maua. Picha ya rangi ni ile ya mbali.

Nne, atume picha kwenye WhatsApp kama hati badala ya kuituma kama picha ya kawaida. Picha ya kawaida hubanwa ipunguzwe uzito, na maelezo madogo hupotea. Hati hufika kama ilivyoondoka.

Tano, mpokeaji naye ana wajibu. Azime mpangilio wa kulinda macho, aweke mwangaza wa kati, asiangalie akiwa juani wala gizani. Simu ikiwa na chaguo la rangi za asili badala ya rangi zilizokolea, achague za asili.

Sita, wasitumie neno la rangi peke yake. Namba ya muundo iliyoandikwa kwenye pindo, jina la kiwanda na, inapowezekana, namba ya mkupuo wa kutiwa rangi, ni vya kuaminika kuliko bordo au maruni. Muundo ule ule wa kiwanda kile kile uliotiwa rangi kwa mikupuo miwili unaweza kutofautiana hata kama kila mtu ametenda haki. Anayeagiza sare anunue zote kutoka mkupuo mmoja, na aongeze vipande vichache kwa ajili ya watakaojiunga baadaye. Vipande vya ziada ni rahisi kuliko safari ya pili.

Kuna mtego mmoja ambao picha bora kabisa haiwezi kuuonyesha. Vitambaa viwili vinaweza kufanana chini ya taa ya duka na kutengana vikifika juani, kwa sababu vilitiwa dawa tofauti zinazorudisha mwanga kwa namna tofauti. Anayelinganisha vitambaa avilinganishe mara mbili, ndani na nje. Mishipi, vitambaa vya ndani na uzi wa kushonea vipimwe vivyo hivyo.

Shahidi wa kitambaa

Baada ya hayo yote, picha hubaki kuwa maelezo ya kitambaa, si kitambaa. Mafundi wa rangi wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana viwanda vyenye vifaa vya gharama kubwa bado hutumiana vipande vya sampuli vya ukubwa wa kiganja kabla ya kutia rangi mamia ya yadi.

Njia hiyo inafaa kabisa kwa Rugerero na Goma. Mnunuzi anapovuka kununua mzigo wa kwanza, muuzaji akate kipande kidogo cha kitambaa alichochagua, akigawe mara mbili. Nusu moja ibaki Goma, ikiwa imeandikwa tarehe na namba ya muundo. Nusu nyingine ije Rugerero. Vihifadhiwe ndani ya bahasha, kwa sababu jua hupausha rangi. Siku ya kuagiza tena, muuzaji asipige picha ya kitambaa kipya peke yake. Aweke ile nusu juu yake na apige vyote viwili kwa pamoja. Simu ikikosea, itakosea kwa vyote viwili sawasawa, na tofauti kama ipo itaonekana hata kwenye kioo kibovu.

Hivyo ndivyo yule mfanyabiashara wa kwaya angeweza kuokoa Pasaka yake. Nusu ya kiganja ikiwa Goma, picha moja ingemwonyesha kwamba mkupuo umebadilika kabla fedha hazijatumwa. Angechagua kusubiri, kutafuta duka jingine, au kuwaambia waimbaji wapya wavae rangi nyingine kwa makusudi, wakae mstari wa mbele. Na muuzaji wake angebaki Mama yule yule aliyemwamini kwa miaka, badala ya namba iliyofungiwa kwenye simu.